Msumari Uliouweka Mahali pa Fyuzi

Baba mkwe,

Nakuita hivyo kwa sababu jina lako nimelitamka mara moja tu maishani mwangu, na unajua lilinigharimu nini. Tumekuzika nyuma ya migomba, pale ulipopataka mwenyewe, na udongo haujakauka bado. Watu wananiambia marehemu hasemwi. Ulipokuwa hai nilikatazwa kukusemesha, sasa umekufa nakatazwa kukusema. Nimeona nikiendelea kutii nitakufa na maneno yangu tumboni, kwa hiyo nimefunga karakana mapema leo, nimekaa kwenye kiti cha kuchajia betri, nakuandikia. Usitarajie salamu.

Unakumbuka nilivyokuja Lufingo? Mimi nilikuwa mtoto wa mjini, baba yangu fundi umeme wa magari Mbeya, nimekulia chini ya boneti. Mwanao Ambakisye alinikuta nimeshika bisibisi, na nadhani hicho ndicho alichokipenda, ingawa baadaye alisahau. Siku ya kwanza mkeo aliniketisha jikoni akanipa sheria za nyumba. Baba mkwe hatazamwi usoni. Hatajwi. Njia anayopita haikatizwi, kiti anachokalia hakikaliwi, na akikohoa upande huu wewe unahamia upande ule. Kwa Kinyakyusa mnaita ukutila. Nilimsikiliza mama mkwe kwa heshima, na moyoni nikajisemea, haya, mkataa kwao mtumwa, na kwetu mimi sasa ndiyo hapa.

Nikazishika. Nilijifunza kikohozi chako, nikajifunza mbwa wako alivyokuwa anatangulia. Ukitokea nikiwa na ndoo kichwani, nilikuwa naingia kwenye migomba na ndoo yangu na kujifunika kanga mpaka upite. Kwa miaka hiyo yote nilikuwa nakujua kwa viatu tu, zile buti zako za mpira zilizotoboka kisigino cha kulia. Hata Atupele alipozaliwa, ulitaka kumwona mjukuu wako, nikamweka mlangoni kwenye mkeka nikajificha ndani, ukaja ukamnyanyua. Nilikusikia unamwimbia. Sauti yako ilikuwa nzuri, nikiri hilo mapema, maana mbele huko sitakuwa na zuri jingine la kukusifia kwa hiari.

Tuje kwenye pikapu. Ulikuwa na Pijo 404 uliyoinunua wakati kahawa inalipa, na ilipofika ile miaka ya kufunga mkanda, hakuna sabuni, hakuna chumvi, waya wa gari ungeutoa wapi? Ikalala chini ya bati, ukaigeuza sebule. Kila asubuhi ulikuwa unaingia na redio yako unakaa kwenye usukani, unasikiliza taarifa ya habari na kuwakaripia mawaziri. Kisha likaja neno ruksa. Maduka ya vipuri yakafunguliwa Tukuyu, waya ukawa unauzwa kwa mita, mwingine ukipenya kutoka Malawi, na wafanyabiashara wakaanza kupanda mpaka kwetu kutafuta ndizi bila kuuliza ushirika. Kila mwenye gari zima alikuwa ameokota dodo. Wewe ulikuwa na gari lisilowaka.

Uliwaita mafundi kutoka mjini. Mmoja alikula kuku wako akaondoka, mwingine alisema pikapu hiyo iuzwe chuma chakavu. Ndipo Ambakisye akakwambia kwamba mkewe anaweza. Mama mkwe alinisimulia kwamba ulicheka mpaka ukapaliwa. Lakini shida haina adabu. Ulipomaliza kucheka ukauliza itafanyikaje, mkwe aingie kwenye kiti cha baba mkwe? Ikawa kesi ya kifamilia wiki nzima. Mkeo ndiye aliyetoa hukumu: kiti king'olewe. Wakakifungua kiti cha dereva, wakakipeleka nyuma ya ukuta wa jikoni, ukakaa juu yake huko, na mimi nikaingia kwenye bodi tupu na kukalia debe.

Na maneno je? Akapewa kazi hiyo binti yako Sekela, wifi yangu. Wewe ulikuwa unasema nyuma ya ukuta, yeye anazunguka kuja kuniambia, mimi najibu, anazunguka kurudi. Wote wawili tulikuwa tunasikiana vizuri kabisa. Ukuta wenyewe wa matofali mabichi, ungeweza kusikia mbu. Lakini tulingoja Sekela azunguke, na yeye kwa adabu zake alikuwa anachuja. Ukisema huyo mwanamke ana mikono ya kobe, Sekela ananiambia baba anakupa pole kwa kazi. Nikisema mwambie aache kunisumbua, anakwambia mkweo anashukuru. Nilikuwa nacheka peke yangu chini ya dashibodi. Leo sicheki.

Nilichokikuta humo ndani sitakisahau. Katika ile miaka ya shida mafundi walitia kila walichookota: waya wa simu, waya wa redio, kipande cha seng'enge kwenye taa ya nyuma, vyote vimefungwa kwa mpira wa baiskeli na kamba za mgomba. Panya walikuwa wamejijengea. Huwezi kuziba mambo kama hayo, nikayatoa yote, kuanzia betri mpaka taa ya namba, nikayarundika uani. Nilisikia ukigugumia nyuma ya ukuta kwamba sasa ndio ameua gari. Nikalaza waya mpya mmoja mmoja, kila kazi na rangi yake kama baba alivyonifundisha, nikalehemu viungo kwa risasi, nikavifunga tepu, nikaupitisha mkanda wote wa waya pembeni ambako maji ya mvua za kwetu hayafiki. Nikaweka kisanduku cha fyuzi, ambacho pikapu yako haikuwa nacho tena tangu zamani.

Ile siku niliyowasha taa, ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye mapaa. Mwanga ukatoka, mmoja, halafu wa pili, ukapiga kwenye migomba. Watoto wakakimbilia mbele yake. Na wewe nyuma ya ukuta ukasema kwa sauti, bila kumtuma Sekela, bila kumtaja mtu: “Ndaga.”

Asante. Neno hilo ulilitupa hewani, lakini lilikuwa langu na ulijua ni langu. Nililala nalo, baba mkwe. Hicho ndicho kinachonikera nikikumbuka, kwamba uliwahi kunifurahisha.

Kabla kiti hakijarudishwa nilimwita Sekela, nikamwonyesha kisanduku. Nikamwambia mweleze baba, fyuzi ya humu ikikata umeme, kuna kosa mahali, aniite. Asitie msumari wala karatasi ya sigara, maana waya utaungua ndani kwa ndani na yeye yumo. Nilimrudisha mara mbili ili aseme vizuri. Akazunguka ukuta. Nilikuwa natwanga wakati huo, sikusikia alichokwambia. Lakini hebu fikiri, msichana wa miaka hiyo, amtokee baba yake na kumwambia mkweo anakuamuru usifanye hivi na hivi? Kumbe alikwambia tu kwamba mkweo amemaliza, gari ni zima, na anakutakia safari njema.

Basi ukaanza kubeba ndizi. Msimu mzima mlikula vizuri, bati jipya likapanda, na watu wa Ikuti wakawa wanakuja kukodi. Watu wakiuliza nani kaitengeneza, ulikuwa unasema fundi. Fundi gani? Fundi tu. Sikujali. Nilikuwa na mtoto wa kulea na nyumba ya kwangu, na taa zangu zilikuwa zinarudi kila jioni zikiwa nzima.

Asubuhi ile mvua ilikuwa inanyesha. Wanaume walikuwa wameteremka bondeni kupandisha mikungu, uani tumebaki wanawake. Ulikuwa umekaa ndani ya pikapu, vioo umepandisha kwa ajili ya baridi, umewasha injini na taa, unawangoja. Unajua mwenyewe kwamba mlango wako ulikuwa haufunguki kwa ndani, ulikuwa unatoa mkono dirishani. Mimi niliusikia moshi puani kabla sijauona. Waya ukiungua una harufu yake, mtoto wa fundi haambiwi. Nikageuka, nikaona kioo kimekuwa cheupe na chini ya dashibodi kuna moto.

Wanawake walipiga yowe, hakuna aliyesogea. Nilipotupa ungo, mke wa ndugu yako alinishika kanga akasema ni baba mkwe huyo. Kana kwamba nilikuwa nimesahau. Nikamwachia kanga yangu mkononi. Ulikuwa unahangaika na mlango wa upande wa pili, ule ambao mlikuwa mmeufunga kwa waya wa seng'enge, na ulikuwa umenipa mgongo. Nikafungua wa kwangu, moshi ukanipiga, nikaita mara ya kwanza hukunisikia. Ndipo nikasema jina lako.

“Andendekisye, huku.”

Ukageuka. Tukatazamana, mimi na wewe, kwa mara ya kwanza. Una macho ya Ambakisye. Nikakushika kola na mkono, nikakuvuta mpaka tukaanguka wote kwenye matope, halafu nikachukua panga la kukatia mikungu nikafungua boneti na kukata waya mnene wa betri. Moto ukakosa pa kula. Mkono wako wa kushoto uliungua, kiti kiliungua, na waya zangu nyingi zilipona. Nilipofungua kisanduku nilikuta msumari wa inchi tatu umekaa raha mustarehe mahali pa fyuzi.

Jioni ile, mkiwa ndani wewe na mkeo, Sekela alilia akawaambia yote. Nilikuwa jikoni, nikasikia kila neno. Alisema wifi alinituma nikwambie habari ya msumari na mimi niliona aibu. Mama mkwe akasema basi, kosa si la mke wa Ambakisye, na mwiko una dawa yake, uliwahi kuvunjwa na wengine. Wewe ulinyamaza. Nikajua unafikiri. Nilijiambia mzee anatafuta maneno ya kunishukuru, ona ujinga wangu.

Kesho yake pakawa na kikao. Baba yangu alipanda kutoka Mbeya na ndama. Mzee wa kanisa akasema Mungu haangalii hayo, aliyeokoa ameokoa. Baba yako mdogo, aliyekuwa anajua mila kuliko nyote, akasema mnyama achinjwe, wazee waulizwe chanzo cha jambo, waseme neno lao, na maisha yaendelee. Kila mtu alikuwa amekufungulia mlango. Lakini wazee wangeuliza chanzo, na chanzo kilikuwa Sekela, na wachumba wa Sekela walikuwa wanatarajiwa na ng'ombe wao. Nani angemchukua binti anayepotosha ujumbe mpaka baba yake anaungua? Nilikuwa nimekaa nyuma ya mlango na kanga usoni, maana mbele yako siruhusiwi kusema, hata kwenye kesi yangu mwenyewe. Baba alijaribu kunisemea, mkamwambia maneno ya mkwe hayaletwi mbele ya mkwewe. Nikakungoja wewe useme. Ulisema haya tu.

“Amenishika, na amenitaja. Arudi kwao, asikanyage hapa tena. Mtoto ni wa ukoo.”

Ambakisye alitazama chini. Bado anatazama chini mpaka leo, nasikia hata mke wake mpya analalamika. Sekela alilia, lakini alilia kimya. Na Atupele, aliyekuwa ndiyo kwanza ameanza kufunga viatu mwenyewe, alibaki kwenye mkeka kwa sababu ng'ombe wenu wa mahari walikuwa wameshakwenda kwetu zamani. Watu wa Lufingo waliamini ulikasirika kwa sababu ya mila. Mimi na wewe tunajua. Ulimlinda binti yako kwa kunitenga na wangu, na mila ukaitumia kama kitambaa cha kufutia mikono. Asante ya punda ni mateke, lakini punda angalau anapiga kwa miguu yake mwenyewe.

Sikurudi Mbeya. Nilipanga chumba hapa Bulyaga, Tukuyu mjini, nikaanza na kuchaji betri, kisha dainamo, kisha waya. Wateja walikuja kwa kucheka, wakabaki kwa sababu magari yao yaliwaka. Nilikaa Bulyaga kwa sababu pikapu yako ilikuwa lazima ipite hapa kwenda sokoni, na siku nyingine Atupele alikuwa amekaa katikati, kati yako na mizigo. Nilikuwa namwona kioo kikipita. Uliitengeneza ile sehemu iliyoungua, ukaacha zilizobaki. Taa zilizokuwa zinammulikia mwanangu njia zilikuwa za kwangu, na wewe hukuona haya kuzitumia.

Na jambo lililonichekesha kwa uchungu ni hili. Tukikutana mjini, ulikuwa unajificha. Ulinifukuza mbele ya ukoo, lakini ukiniona natokea dukani unageuka ukutani na kushusha mwavuli usoni, kama baba mkwe wa kweli anayemheshimu mkwe wake. Mara moja ulijibanza nyuma ya gunia za mbolea mpaka mwenye duka akauliza kama unaumwa. Kama sikuwa mkweo tena, ulikuwa unamkwepa nani? Na kama nilikuwa mkweo, mtoto wangu ulimshikia nini? Nilitamani kukuuliza. Sikukuuliza, nami nikavuta kanga usoni na kupita upande wangu. Tulikuwa wapumbavu wawili barabarani.

Nimekuja msibani kwako kwa sababu moja. Uliyekataza mguu wangu umekwenda, nikaja kumchukua mtoto. Ile pikapu ndiyo iliyokuleta kutoka hospitali, nikasikia injini yake kabla haijafika. Wakwe wenzangu walikuwa wamejifunika mbele ya jeneza lako, wamekupa mgongo, hata maiti wanaionea haya. Mimi nilisimama uso wazi. Kuna walionong'ona. Mama mkwe, ambaye macho yameisha sasa, alinipapasa uso akasema, “Umefika, mwanangu,” na nilipomwambia kilichonileta hakubisha. Akasema nimuulize mwenyewe, ni mkubwa.

Mkubwa kweli, amenipita urefu. Nilimkuta nyuma ya nyumba analia, na hakuwa analia kilio cha kuonyesha watu. Nikampa pole. Nikamwambia nina chumba kizuri, shule iko karibu, na sasa hakuna wa kumzuia. Akanitazama kwa heshima, kama anavyotazamwa mgeni.

“Babu hakunizuia,” akasema. “Nilipofika darasa la nne aliniambia nikitaka kwenda kwako barabara ipo. Mimi ndiye sikwenda.”

Nikamuuliza kwa nini.

“Nilikuwa nakungoja wewe. Shangazi Sekela amenisimulia ulivyomtoa babu kwenye moto, wanawake wote wamekushika kanga. Mtu wa namna hiyo alishindwaje kuingia hapa uani?”

Nilitaka kumwambia kwamba uliukataza mguu wangu. Lakini na kukushika kulikuwa kumekatazwa, na angeniambia hivyo hivyo, nimemzaa mimi, ana mdomo wangu. Nikakaa naye kwenye kinu. Akanieleza mengine bila kuulizwa. Kwamba ulikuwa unamsindikiza shule wakati wa mvua mpaka akaona aibu mbele ya wenzake. Kwamba uliuza ng'ombe wa maziwa uliyempenda ili asikose sare. Kwamba alipougua malaria ulikesha unamwimbia, na kwamba ulimfundisha kubadili fyuzi, ukamwambia usiweke msumari kamwe, mama yako alikataza. Mama yako alikataza. Yaani ujumbe ulikufikia, mzee. Ulikufikia na ukaupeleka kwa mtu mmoja tu.

Wenzangu wanataka nikusamehe kwa hayo. Wanasema si unaona, alimpenda mtoto, alijuta moyoni. Sijui ulijuta au la, hukuniambia, na sasa sina Sekela wa kumtuma huko uliko. Ninachojua ni kwamba ungemtesa ningekuwa na kazi rahisi. Ningekuja na watu, ningekuja na polisi, ningevunja hata huo uzio, nikambeba, na ningekuchukia kwa amani mpaka nife. Wewe ukaninyang'anya hata hilo. Ulimlea vizuri mpaka akakupenda, na kwa hilo sikusamehi.

Amesema atabaki na bibi yake kwanza, bibi haoni. Nimekubali, ningesemaje? Lala huko ulikolala. Nakuaga bila kukuombea mabaya, na mema waombee wengine. Jana nilirudi kuwasalimu, nikamkuta Atupele kwenye kaburi lako analia upya, na mtu pekee aliyekuwa karibu wa kumfuta machozi aliyokulilia alikuwa ni mimi. Nimemfuta.

Ni mimi,
Mama Atupele